Jembe la Siku ya Tatu

9 Oktoba 1993, Ilemela

Diari hii ilikuwa ya baba. Waligawiwa kiwandani mwaka 1989, enzi kiwanda kilipokuwa bado kinagawa vitu, naye hakuandika humo hata neno moja kwa kuwa alisema ni nzuri mno kuchafuliwa. Sasa kiwanda kimefungwa, baba amefariki, na diari bado ni safi. Inasema leo ni Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Tarehe nitaziamini, majina ya siku nitayapuuza.

Naianza leo kwa sababu mama ameuza cherehani.

Mama yangu, Tereza, ni fundi. Toka nipate akili nimelala nikisikia ile pedeli chini ya dirisha. Ni kweli kazi imekufa. Tangu mitumba ianze kushushwa sokoni kwa marobota, nani atahangaika kununua kitambaa na kusubiri vipimo? Lakini mimi nimemaliza darasa la saba mwezi uliopita na nilikuwa nimeshajipangia: nikichaguliwa, sekondari, nisipochaguliwa, cherehani. Sasa nisipochaguliwa nitashona kwa meno?

Nikamuuliza fedha ni za nini. Akasema, "Tunakwenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kwa ndugu. Bukoba, Dar es Salaam, Ukerewe. Ninyi watoto mnadhani dunia yote ni haya mawe ya Ilemela."

Luhende aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye mlango. Ana miaka kumi na moja lakini akili imechelewa njiani. Queen, ambaye ana sita, aliuliza kama melini kuna choo. Na mimi nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Shuleni kwetu hakuna aliyeiona Dar. Ila sijapata kusikia fundi anayeuza cherehani ili akatembee.

13 Oktoba

Aliyenunua cherehani anakuja kuichukua kesho. Mama ameshona siku nzima, nguo zetu sote watatu. Gauni la Queen lina pindo la shubiri nzima limekunjwa ndani. Suruali ya Luhende ingemtosha baba. Gauni langu linaburuta.

"Mtakua," mama akasema.

"Mimi nimeshakua."

"Utakua tena." Akakata uzi kwa meno, akakohoa mpaka akashika ukuta.

15 Oktoba, melini

Daraja la tatu, chini, katikati ya magunia ya chumvi na kuku wa watu. Tumebeba mayai ya kuchemsha, karanga na kidumu cha maji, kwani mama ametuambia mapema kwamba hatutanunua chakula njiani kama mawaziri. Luhende amemaliza mayai yake kabla meli haijang'oa nanga.

Mama alipokohoa, dada mmoja mwenye mtoto mchanga alihamisha mkeka wake. Nilimkazia macho mpaka akageuka upande wa pili.

16 Oktoba, Bukoba

Mvua. Kila kitu ni kijani, hata mawe. Mjomba Mayala, kaka yake mama, alitupokea bandarini na mwavuli mmoja kwa watu watano. Anafanya kazi kwenye ghala la kahawa. Mkewe, Justa, ametupikia ndizi na nyama, akatuita wanangu, wanangu, mpaka nikaona aibu. Wana mabinti wawili, wa umri wangu na zaidi, na msichana wa kazi ambaye jina lake hakuna aliyetuambia.

18 Oktoba

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu anaujua msemo huu, na mimi si mvivu. Lakini asubuhi ya leo nimeamka nikakuta msichana wa kazi amepewa ruhusa akawasalimie kwao. Mke wa mjomba akanipa ndoo ya yule msichana, brashi yake na hata khanga yake ya kufagilia. Luhende ameteka maji kutoka bondeni toka asubuhi mpaka mchana. Mabinti wa nyumba walikuwa barazani wanasukana.

Nimefua mashuka ambayo sijayalalia.

Jioni mama aliniita. "Leo umefanya kazi gani?" Nikamtajia. "Na wao?" Nikasema wao wamesuka, na mmoja kapendeza, mwingine bado. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa pale barazani kutwa nzima, akiona kila kitu.

19 Oktoba

"Fungeni mizigo," mama amesema.

"Mbona mapema?"

"Nimeshaona."

"Umeona nini?"

"Bukoba," akasema.

27 Oktoba

Musoma, kwa basi. Rafiki wa mama wa zamani amehama, hakuna ajuaye alikokwenda. Tumekula mihogo stendi, tukageuka. Huo ndio utalii.

2 Novemba, Ilemela

Mama ana homa za jioni. Asubuhi anaamka kama hakuna kitu, anafua, anaimba. Mama Kija, jirani yetu, kanisimamisha njiani akaniuliza, "Mama yako anaendeleaje na kile kifua?" Kwa sauti ileile waliyotumia kumuulizia baba mwaka jana. Nikamjibu hajambo, anajiandaa kwenda Dar es Salaam. Nilitaka imuume.

6 Novemba, kwenye treni

Siandiki vizuri, treni inatikisa. Daraja la tatu tena. Tumekaa watu watano kwenye benchi la watatu, na Queen juu yangu. Tabora tumenunua asali, ndiyo anasa ya kwanza ya safari hii. Saranda watu walishuka kula wali na kuku, sisi tulikula harufu.

Mama amelala amelaza kichwa dirishani. Shingo yake imekuwa nyembamba, mkufu unazunguka wenyewe. Sijui kwa nini sikuiona nyumbani.

8 Novemba, Dar es Salaam

Sijui nianzie wapi! Baba mdogo Chenge, mdogo wake baba, alikuja stesheni na pikapu. Tukapanda nyuma, na mji wote ukawa unatupita mbele ya macho: maduka, redio, watu wanauza saa mikononi. Nyumba ina umeme chumba kwa chumba, friji, na deki ya video. Mkewe, mama mdogo Shamsa, alitukumbatia mmoja mmoja, akatuwekea soda mezani, kila mtu yake. Queen aliificha nusu chini ya kitanda ili aimalizie kesho.

Baba mdogo anaingiza matairi kutoka nje. Anasema siku hizi milango imefunguliwa, mtu asiyelala atakula. Ana sauti ya baba. Alipotuita ukumbini mama aliweka kikombe chini, akatoka nje kidogo.

10 Novemba

Tumevuka na pantoni kwenda Kigamboni kuona bahari. Luhende alivua viatu, akaingia maji ya magoti, akainama akachota kwa viganja viwili, akanywa. Kama ilivyo kawaida ziwani! Alipotema, wavuvi walikaa chini kwa kucheka. "Wamemwaga nini humu?" akauliza. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Baba mdogo akaenda kumtafutia maji, anakimbia na viatu vyake vizuri mchangani.

Nampenda baba mdogo Chenge. Nataka kuishi hapa.

11 Novemba

Leo niliamka mapema nikaanza kuosha vyombo. Mama mdogo Shamsa akanipokonya sahani mkononi. "Acha mwanangu, wewe mgeni." Nikashika fagio. "Acha bwana, mgeni huyo!" Basi nikakaa nikaangalia video. Wachina wanapigana, hakuna anayekufa upesi.

Jioni mama: "Umepewa kazi?"

"Sijapewa," nikasema, kwa furaha.

13 Novemba

Mama: "Umepewa kazi?" Sijapewa.

14 Novemba

Sijapewa.

15 Novemba

Naona mama anachoka na jibu langu, nami nachoka na swali lake. Leo nikamuuliza, "Mama, unataka nifanyishwe kazi kama kule Bukoba?" Akasema hapana. "Sasa?" Akainama kukunja khanga. Huyu mama ukimpa nyama anauliza mfupa uko wapi.

17 Novemba

Majirani walikuja kusalimia. Baba mdogo akawaambia, "Hawa ni wageni wetu kutoka Mwanza, watoto wa marehemu kaka." Kila mtu akatupa pole na biskuti. Halafu jirani mmoja, bila ubaya wowote, akauliza, "Wanaondoka lini?" Mama mdogo akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akamtazama mama. Mama akasema, "Kesho kutwa."

Tulipokuwa peke yetu nililia kwa hasira. Mama naye alilia, lakini si kwa hasira. Alijifunika khanga, akaniambia nikawashe redio.

20 Novemba, kwenye treni

Baba mdogo alimkumbatia mama stesheni muda mrefu. Alitaka kutukatia daraja la pili, mama akakataa, kisha akakubali. Ni hapo nilipoogopa. Mama hajawahi kukubali kitu cha namna ile.

Dodoma mvua. Manyoni mvua. Amelala njia nzima.

25 Novemba, Ilemela

Bado Ukerewe. Nilimwambia mama tusiende, tumeshachoka, kwa shangazi Getruda kuna nini? Dada yake baba huyo, mjane, nimemwona mara moja tu, kwenye msiba wa baba. Kila mtu alikuwa analia, yeye anahesabu sufuria. Hakunishika hata bega.

Mama akasema, "Tutakwenda." Alishatuma salamu kwa watu wa meli tangu mwezi wa kumi.

27 Novemba, Ukerewe

Meli ya Nansio, kisha kwa miguu, mama akiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi. Njia ni mchanga na mawe makubwa, michungwa kila nyumba, na ziwa linaonekana ukigeuka upande wowote.

Shangazi alikuwa mlangoni. Mrefu, mkavu, khanga imefungwa kama anakwenda vitani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmechelewa. Wifi, ingia ulale, maji yako ya moto tayari." Basi. Hakuna wanangu, hakuna soda. Ugali wa muhogo na dagaa. Chumbani mwetu kuna kitanda cha mama karibu na dirisha, na mkeka wetu umetandikwa tayari.

28 Novemba

Nimekasirika.

Alfajiri, ASUBUHI YA KWANZA, mtu hajapiga hata mswaki, shangazi amegonga mlango. "Amkeni, ardhi imelowa." Nje kulikuwa na majembe yamesimamishwa ukutani. Akaweka la kwake begani. Akampa Luhende moja, mimi moja. Nikasema moyoni, mgeni siku mbili! Huyu mama hajui hata kuhesabu mpaka tatu?

Halafu akamwita Queen, akampa jembe dogo. Bapa lake limelika kwa kulimiwa miaka mingi, mpaka limebaki dogo kama kiganja. Lakini mpini ni mpya, mweupe bado, mfupi, umesuguliwa. Akamsimamisha Queen kando ya mpini, ukamfika kifuani. "Nilikisia tu," akasema. "Nimepatia." Akatazama mpini wa Luhende, nao mpya. Wangu vilevile.

Jembe la tano lilikuwa jepesi, limebaki ukutani. "Hilo ni la wifi, siku akijisikia."

Tumelima matuta ya viazi mpaka jua likawa kali. Yeye yuko mbele, hageuki, hasemi. Queen alilima mahali pamoja mpaka akachimba shimo. Shangazi akasema, "Hilo litapandwa mti." Nikadhani anatania, lakini uso haukubadilika.

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa chini ya mchungwa, analia na huku anatabasamu. Nikadhani homa imepanda kichwani.

29 Novemba

Leo mama aliniomba nimsindikize mpaka kwenye mawe ya ufukweni, polepole. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Winnie, baba yako alianza hivihivi."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

Nilijua toka kwenye treni, labda toka cherehani, na nilikuwa nimeliweka mbali kama Queen alivyoficha soda.

Akasema, "Nilikuwa nawatafutia nyumba. Kutembea ni kutembea, lakini nilikuwa nawatafutia nyumba. Kwa kaka Mayala mlipewa jembe, ila watoto wao hawakupewa. Mngekuwa watumishi pale, na kaka yangu asingeona. Kwa Chenge hamkupewa kabisa. Nilisubiri siku ya tatu, ya nne, ya tano. Nikasema labda kesho."

"Lakini walitupenda!"

"Waliwapenda sana. Mgeni hupendwa. Mgeni pia huulizwa anaondoka lini." Akapumzika, akikohoa. "Huyu hakungoja siku ya tatu. Hakuwahesabu kuwa wageni hata siku moja. Na umeona nani aliyeshika jembe kwanza?"

"Yeye."

"Mipini ile aliichonga kabla hamjafika."

Nilimkasirikia. Nikamwambia angetuambia toka mwanzo, sisi si watoto wadogo, ametuzungusha nchi nzima kama vipofu. Akaniacha nimalize.

"Ningewaambia, mngekuwa mnanitazama mimi. Nilitaka mtazame meli. Mtazame bahari. Luhende anywe yale maji."

Nikalaza kichwa mapajani mwake, mapaja yenyewe hayana nyama. Akasema jambo moja tu zaidi, nisiache wadogo zangu watawanywe. "Mafiga ni matatu, Winnie. Moja likiondoka, chungu kinamwagika." Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote.

4 Desemba

Mvua kubwa. Mihogo imepandwa.

7 Desemba

Mama amelima! Amechukua lile jembe jepesi, akapiga mara chache kwenye tuta la mbele ya nyumba, akakaa. Shangazi hakumzuia wala hakumsifu. Alikuja akapanda viazi pale mama alipolima, akaendelea na shughuli zake.

11 Desemba

Nimeanza kumjua shangazi. Hasemi pole, anachemsha maji. Mama akitapika, yeye anaosha beseni kabla sijanyanyuka. Wanawake wa jirani waliuliza ugonjwa gani huo unaomaliza watu, akawaambia, "Ugonjwa wa wifi yangu," akawafungia mlango. Mimi niliyesema hana moyo, nahitaji kuchapwa.

16 Desemba

Majina ya waliochaguliwa sekondari yametoka. Msichana wa darasa letu kafika na meli, yeye kachaguliwa. Mimi sikuchaguliwa. Nimemwambia mama nimechaguliwa.

Akafurahi. Akauliza kama gauni linanitosha sasa.

17 Desemba

Shangazi anajua nimedanganya. Alinitazama, akasema, "Umefanya vyema. Nenda kamenye mihogo."

20 Desemba

Mvua. Mama hali chakula.

22 Desemba

Mvua. Mama hataki uji.

25 Desemba

Krismasi. Luhende alikwenda kanisani na ile suruali ya kumtosha baba, ameikunja mara nne. Tulimvalisha mama gauni lake la bluu. Akasema tumsimulie safari, kila mtu kipande chake. Luhende akasimulia bahari. Queen akasimulia choo cha meli, kwa kirefu. Mimi nikasimulia harufu ya kuku wa Saranda. Mama alikuwa anacheka kwa macho tu.

28 Desemba

Mama amefariki leo asubuhi.

31 Desemba

Tumemzika juzi, karibu na kaburi la babu, baba yake shangazi, mahali penye mchanga mkavu.

Huku msibani hapalimwi. Shangazi mwenyewe aliyapandisha majembe yote darini, chini ya paa, na mpaka matanga yaanuliwe hakuna atakayegusa ardhi, hata jirani wa karibu. Mvua inanyesha kila siku. Magugu yamefika magotini kwenye viazi. Shangazi amekaa sakafuni na wanawake, miguu imenyooshwa, hatazami shamba. Juzi kaburini nilimwona kwa mara ya kwanza analia. Alilia kwa sauti kubwa kama mtu anayegombana.

Mimi bado sijui kulia vizuri. Nalia nikiona vitu vidogo, kijiko chake.

2 Januari 1994

Mjomba Mayala amefika. Baba mdogo Chenge amefika, kaja kwa ndege mpaka Mwanza halafu meli. Alinikumbatia nikasikia sauti ya baba kifuani mwake. Wote wanalala kwa jirani. Kesho kutwa matanga yanaanuliwa, halafu kikao.

Nimemsikia Luhende anamuuliza Queen, "Wewe utapelekwa kwa nani?" Queen akasema, "Kwa mama."

Tarehe za diari ziliisha mwaka ulipoisha, na kurudi kwenye Januari yake ya mwanzo sitaki. Naandika kwenye kurasa za nyuma zilizoandikwa Anwani.

4 Januari

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Matanga yameanuliwa asubuhi. Baada ya chakula wazee walikaa ndani, sisi watatu tukaitwa tukakaa mkekani. Mjomba Mayala ndiye aliyeanza, mzee wa kikao. Alisema maneno mazuri juu ya mama, na ni ya kweli. Kisha akasema mzigo ukigawanywa haumwelemei mtu, watoto watatu ni wengi kwa nyumba moja katika maisha haya. Luhende aende naye Bukoba, kijana ana nguvu. Queen bado mdogo, abaki na shangazi. Winnie kwa baba yake mdogo, Dar es Salaam.

Baba mdogo akainama mbele. "Winnie, nimesikia hukuchaguliwa. Isikusumbue. Siku hizi zimefunguliwa shule za kulipia. Nimeshaulizia. Utasoma mpaka utakapochoka mwenyewe."

Hakuwa anasema kwa kujionyesha. Macho yake yalikuwa mekundu. Ni kitu nilichokitaka kuliko chochote, na alikuwa amekishika mkononi ananipa, na mkono wangu ulitaka kukipokea. Niliona sare. Niliona hata viatu. Sitajidanganya humu kwamba sikuviona.

Nikamtazama shangazi. Ni mwanamke, kikao ni cha wanaume, alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakunikonyeza, hakunisihi. Alikuwa anatazama mikono yake. Luhende alikuwa ameshika pindo la gauni langu kwa siri, lile lililokuwa linaburuta, na Queen amelala juu ya mguu wake.

Mjomba akasema, "Na wewe mwenyewe mkubwa wao, unasemaje?" Labda kwa heshima tu, lakini aliuliza.

Nikasema, "Baba mdogo, nashukuru. Lakini kwako sijapata kupewa jembe."

Walidhani nimechanganyikiwa. Mjomba alicheka kidogo. Nikarudia, na sasa nilikuwa nalia, nililia pale kilio chote ambacho hakikutoka kaburini. Nikawaambia alichokuwa akikitafuta mama kwenye meli na treni zile, na swali lake la kila jioni. Nikasema tutakaa hapa wote watatu. Mjomba aliacha kucheka. Akatazama sakafu, nadhani alikuwa anaikumbuka ile ndoo, au labda hata hakuijua.

Baba mdogo Chenge alisema, "Winnie. Sikuwapa kazi kwa sababu niliwapenda. Niliona mmeshapata taabu."

"Najua, baba mdogo."

"Angeniambia. Si angeniambia tu?"

Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Kumwambia kungekuwa kumwomba jembe, na jembe la kuomba si hilo alilolitafuta mama.

Shangazi aliinuka bila kuomba ruhusa ya kikao. Tulimsikia nje akisogeza kigoda, akiparuza chini ya paa. Akatokea mlangoni na majembe. "Mvua imeacha," akasema. "Magugu hayajui kikao." Akatupa kila mtu lake. Mpini wangu umeanza kubadilika rangi pale ninapoushika.

Tukatoka. Jembe la mama alikuwa ameliacha palepale juu.

Tulikuwa tumeshaanza tuta la pili nilipomwona baba mdogo anakuja. Amevua viatu vyake vya mjini, amekunja suruali, na mkononi ana lile jembe jepesi. Alisimama kando ya shangazi, dada yake, akaanza. Miaka mingi hajalima. Alikuwa anakata viazi badala ya magugu, na jasho na machozi vinamdondoka pamoja, na shangazi akawa anamsogelea na kufukia nyuma yake bila kumgombeza.

Queen alimtazama muda mrefu. Halafu akaenda na kijembe chake, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kabisa, kama alivyofundishwa Dar es Salaam:

"Acha, baba mdogo. Wewe mgeni."